Sharabu ya Seremala

Kwenye treni ya asubuhi, mshona nguo aliyekaa mbele yangu alimwambia mama wa pembeni yake kwamba mumewe amerudia pombe. Mume ni seremala, na aliacha ulevi mwaka juzi. "Akipiga randa anaimba, 'Nipe sharabu, muhibu.' Jana nimenusa kila chupa karakanani, dada. Nimenusa vanishi mpaka kichwa kikagonga."

Nilimwamini, maana macho yalikuwa bado mekundu.

Yule mama, kumbe ni mtunzi wa mashairi ya redioni, akacheka. "Sharabu ni neno la kale, mwenzangu. Limetoka kwenye Kiarabu, ukoo mmoja na sharubati. Watunzi wa zamani waliita hivyo mvinyo, na wengine waliita hivyo mapenzi yanayomlevya mtu. Na muhibu ni mpenzi. Mumeo ananuka pombe?"

"Ananuka gundi."

"Anapepesuka?"

"Juzi kanitengenezea kabati, milango inafunga sawasawa."

"Basi huyo anatunga. Mlevi hana subira ya kutafuta vina."

Wala ya kufunga bawaba ikanyooka, nikasema moyoni. Mshona nguo alishusha pumzi ndefu, mabega nayo yakashuka.

"Leo mwambie akuimbie wewe," mtunzi akasema.

"Thubutu. Akijua nasikia ataona haya, anyamaze."

"Shairi linataka msikilizaji, bibie."

"Msikilizaji yupo, nyuma ya mlango."

Treni ikasimama, wakashuka wakibishana. Mshona nguo alikuwa anasema, "Mwache anywe hukohuko kwenye shairi, mpaka azimie."