Jicho la Kushoto la Veikko Haapasaari

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi iliyopita mji wetu ulimpoteza Veikko Haapasaari. Veikko, golikipa wa Honka, timu yetu ya hoki ya barafuni. Alisimama langoni misimu kumi, na minne kati ya hiyo alisimama na jicho moja.

Ndiyo, jicho moja. Mkewe, Irja, ameniruhusu niseme.

Alizaliwa mwaka 1948, kwenye nyumba za kiwanda cha karatasi. Kaka zake walimweka golini kule ziwani kwa sababu hakuwa na viatu vya kutelezea. Akapapenda hapo hapo. Akiwa na miaka ishirini na mmoja alikuwa kipa wa Honka: asubuhi kiwandani, jioni barafuni. Mwaka 1975 klabu ikampa mkataba wa mshahara. Akaaga kiwanda. Wiki ya sita tu, mazoezini, ncha ya gongo ikapenya tundu la kinyago chake, ikamchoma jicho la kushoto.

Hakumwambia kocha. Alinawa maji baridi, akaendesha gari mpaka nyumbani.

"Nilimwambia afunge jicho la kulia," anakumbuka Irja. "Nikamuuliza, vidole vingapi? Akasema vitatu."

Wasikilizaji, mikono ya Irja ilikuwa mfukoni mwa aproni.

"Veikko, twende kwa daktari!"

"Nikienda, mkataba umekwisha. Mtoto wetu Marketta hajatimiza hata mwaka. Nitageuza shingo, basi."

Wakaificha siri hiyo. Uani, Irja alimrushia viazi kutoka kushoto, mamia ya viazi, mpaka shingo yake ikajifunza kugeuka mapema. Siku za mechi Irja hakula. Alisimama ukumbini, nyuma ya kibanda cha kahawa, akisikiliza. Umati ukinguruma, moyo unamlipuka. Umati ukinyamaza, ndiyo mbaya zaidi. "Nilingoja mtu aje aniambie amekufa," anasema. Misimu minne hivyo. Misimu minne!

Machi 1979 zilibaki mechi tatu, na Honka ilikuwa inapigania isishuke daraja. Katika ya kwanza, mpinzani alifyatua kutoka kushoto. Veikko hakuona kitu. Alisikia kishindo tu, kisha akamwona beki wake, Reijo Mustonen, amelala barafuni anatema damu. Kisahani cha mpira mgumu, kile wanachokipiga kwa magongo, kilikuwa kimemvunja mbavu mbili.

Kesho yake Veikko na Irja walikwenda hospitali.

"Mjinga wewe, ulijitupa ya nini?" Veikko akamwambia. "Kile ningekidaka."

"Usingekidaka," Reijo akasema. "Upande huo huoni kitu tangu mwaka wa sabini na tano."

Veikko akakaa kitandani pasipo kukaribishwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mabeki wote. Unadhani tunakaa kushoto kwako kwa sababu tunapenda sura yako?" Reijo akacheka, mbavu zikamkatiza.

Irja anasema mumewe alijua kuogopea jicho lake. Kuogopea mbavu za wenzake, hilo lilikuwa jipya, na hakulimudu. Kabla ya saa mbili asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa kocha, mkataba mkononi. "Sioni," akasema. "Mweke mwingine."

Wakamweka kipa wa akiba. Tukafungwa mechi zote mbili. Tukashuka daraja.

Klabu haikutangaza sababu, na Veikko hakujitetea. Dukani watu walimtupia maneno. "Mwoga huyo! Katoroka meli inazama." Irja alitaka kuwajibu, mumewe akamshika mkono. Akarudi kiwandani, na baadaye akafundisha makipa watoto miaka ishirini na minane. Baadhi yenu mnaonisikiliza alikufundisheni yeye.

Nilimpigia simu Reijo juzi. "Usimfanye shujaa," akanionya. "Aliogopa miaka minne. Halafu siku moja akaogopa zaidi, akaenda akasema. Sema hivyo."

Nimesema.

Irja, Marketta, wajukuu: poleni sana. Nawe Reijo, pole, ndugu yetu. Mazishi ni Jumamosi, saa tano asubuhi, kanisani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla muziki haujaingia, niombe jambo moja. Kila mmoja wetu ana kitu anachoficha na kudhani anakibeba peke yake. Mtazame aliyekaa karibu nawe. Muulize anaumia wapi.