Mama Mapovu Anaondoka, Chumba Kinafungwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watoto wenye usonji kusema, Mama Mapovu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ofisi ya kituo chetu imeniomba mimi, mwalimu mwenzake, niandike maneno ya kumuaga kwa furaha. Nitajaribu, ila nina hasira na sitaificha.

Jina hilo alipewa na wazazi. Mfukoni mwa koti lake hakikosi kichupa cha maji ya sabuni. Mtoto akitoa sauti, hata "ma" tu, papo hapo anapuliziwa mapovu. Kesho yake anatakiwa aongeze kidogo. Ni hatua kwa hatua, mara mia, na kila jaribio linaandikwa daftarini. Siku moja mlinzi wetu alikohoa mlangoni, naye akapuliziwa.

Hakuwa malaika. Mwaka nilioajiriwa, alimfundisha binti mmoja kutaja picha arobaini za kwenye kadi, tukajivuna sote. Kisha mama yake akaja analia: binti anasema "maji" akioneshwa picha, lakini nyumbani akishikwa na kiu anajipigiza kichwa ukutani. Tulikuwa tumemfundisha kutaja kadi, si kuomba. Mama Mapovu alizifungia kabatini, akahamishia somo bombani, kikombe kitupu mkononi. Ilichukua wiki tisa. Binti alipoomba maji kwa kinywa chake, mama yake alikaa sakafuni.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Miaka minne mfululizo amewaandikia wakubwa barua akiomba aletewe mtu wa kumrithi, amfundishe angali na nguvu. Kila mara akajibiwa kuwa ombi linashughulikiwa. Juzi tumeambiwa hakuna anayekuja, na chumba kitakuwa stoo ya viti. Watoto kumi na mmoja wako katikati ya masomo. Mmoja ana maneno matatu tu, na akiachwa miezi miwili atayapoteza yote. Halafu ninyi wakubwa mnatuletea keki na hotuba! Hamna hata aibu.

Mama yetu, ahsante kwa kila neno lililozaliwa chumbani humo. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu watundu. Jumatatu usije, kazi yako umeimaliza. Tutakuja sisi, pamoja na wazazi na watoto wote kumi na mmoja, na tutakaa ofisini kwa mkurugenzi mpaka chumba kifunguliwe.