Mgonjwa Kidogo, Njooni Nyote

Tangu basi litoke Gongoni, vijana wawili wa chuo walioketi nyuma ya Kanze walikuwa wakipanga kwa mafungu jumbe za redio zilizotumwa wakati wa mafuriko ya mwaka juzi, na kila ujumbe ulikuwa ubishi mpya.

"Huu unasema, 'Baba mgonjwa kidogo, njooni nyote,'" alisema Mukhtar kwa uchovu. "Fungu la ugonjwa. Tunahesabu kilichosemwa, si tunachodhania."

"Ndugu yangu, nani huita ukoo mzima kwa ugonjwa kidogo?" alijibu Kiti. "Sisi Wagiriama msiba hatuutangazi redioni. Mzee huyo alikuwa ameshakufa."

"Neno kufa liko wapi? Nionyeshe."

Kiti akapiga mwayo. Kwa mwendo ule, marehemu angengoja sana kupata fungu lake.

Kanze hakugeuka. Jana alikuwa ameletewa ujumbe wa redio kutoka nyumbani, maneno yale yale, ila mgonjwa alikuwa mama. Njia nzima alikuwa akimwombea Mukhtar ashinde.

Basi liliposimama Garsen walikuwa hawajapatana. Kanze alishuka taratibu, ameikumbatia chupa ya dawa ya kikohozi aliyomnunulia mamake, isije ikavunjika.