Mwalimu Kokushubila na Wiki ya Flojistoni

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mwalimu Kokushubila Rwegasira anavua koti jeupe la maabara na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia. Kumi na tisa kati ya hiyo ni ya hapa kwetu, Sekondari ya Mnazi Pacha, Chanika. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa programu niyaeleze yote hayo, nami nimekubali kwa sababu nampenda, na kwa sababu walimu wengine wote walikuwa wameshatoka kikaoni.

Alizaliwa Muleba, akaanza kazi Bukoba, akahamia Temeke, kisha mwaka 2006 akaletwa huku wakati shule ina madarasa mawili na maabara yenye sinki lisilo na bomba. Hakulalamika, tulilalamika sisi kwa niaba yake. Mwaka mmoja zilipokosekana dawa za kupimia asidi, alichukua ndoo ya juisi ya rozela iliyoandaliwa kwa ajili ya mahafali akaigawa darasani, kwani rozela ikitiwa magadi hugeuka kijani. Kidato cha Pili walielewa somo vizuri sana. Mgeni rasmi alikunywa maji.

Lakini sifa ya Mwalimu Koku, kama tumwitavyo, ni Wiki ya Flojistoni. Kila mwaka Kidato cha Tatu wakifika mada ya kuungua, huwafundisha kwa siku nne, uso mkavu kabisa, kwamba kila kinachoungua kina kitu ndani yake kiitwacho flojistoni, na kuungua ni flojistoni kutoka. Gunia zima la mkaa linabaki majivu kidogo: imetoka. Mshumaa uliofunikwa na glasi unazimika: hewa ya ndani imeshiba flojistoni, haipokei tena. Wanafunzi wanaandika, wanaelewa, wanafurahi. Ijumaa ndipo huleta mzani. Anapima nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, anazichoma, anazipima tena, na zinakuwa nzito zaidi. Kitu kimetoka, halafu uzito umeongezeka. Hapo darasa zima huwa kama limemwagiwa maji.

Ni hapo anapowaambia kwamba wakemia wa Ulaya waliamini hivyo karibu miaka mia, na hawakuwa wajinga hata kidogo. Oksijeni, hewa inayoungana na chuma kinapoungua na kukiongezea uzito, haikushuka mbinguni na jina lake. Ilibishaniwa, watu wakanuniana. Husema mtoto aliyepewa jibu sahihi Jumatatu ni kasuku, ila aliyekosea kwa hoja nzuri mpaka Ijumaa ameanza ukemia. Na katika miaka yote hii, hakuna mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyewahi kumtobolea siri mdogo wake. Chanika hii, ambako habari ya posa hufika kabla ya mposaji, siri hiyo imekaa.

Mwaka 2014 ilibaki kidogo mambo yaharibike. Mkaguzi wa shule, Bwana Kondo, aliingia darasani bila taarifa, tena siku ya Alhamisi. Akamkuta Gladness, binti wa benchi la mbele, yuko ubaoni anaieleza flojistoni kwa ufasaha wa wakili. Mkaguzi akambishia. Binti akamwamkia kwanza, shikamoo, kisha akamwambia, "Mzee, inatoka, ila wewe ndo huioni." Bwana Kondo akafunga daftari. Nje ya mlango alimwambia Mwalimu Koku kwamba ataandika aondolewe kwenye kemia, maana anafundisha uongo uliokufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Mwalimu angeweza kurudi ndani akatamka neno moja tu, oksijeni, na yakaisha. Hakutaka. Angejiokoa yeye na kuwaharibia watoto arobaini na sita Ijumaa yao. Akamwomba mkaguzi arudi kesho yake, kipindi cha tatu. Sisi wenzake tulikosa hamu ya chai. Kumtoa Koku kwenye kemia ilikuwa ni kumuua, nasema wazi.

Bwana Kondo akarudi, akakaa nyuma. Mwalimu akapima, akachoma, akapima. Uzito ulikuwa umepungua. Darasa likalipuka kwa vigelegele: flojistoni imeshinda mbele ya serikali. Mimi, niliyekuwa nachungulia dirishani, nilijua kazi yake imekwisha. Yeye hakuficha kitu. Aliandika tarakimu ubaoni kama zilivyo, akarudi nyuma hatua moja, akazitazama.

Aliyeinuka ni Bwana Kondo. Alikwenda mbele, akainama juu ya kibakuli zilimochomewa nyuzi, akanusa. "Mbona inanukia sabuni?" Ikabidi aitwe Mzee Aidarus, mwenye duka mkabala na geti letu, ambaye miaka yote humuuzia mwalimu nyuzi kavu za bei ya chini. Safari hiyo alikuwa amesikia kuna mgeni mkubwa, akampa zile nzuri zenye sabuni ndani. Alijitetea kwamba hakuona ustaarabu kumpa mwalimu wa watoto wake kitu hafifu siku kama ile. Basi ni sabuni iliyoungua ikaondoka na uzito wake. Zikaletwa kavu. Kufikia hapo Bwana Kondo alikuwa ameshavua koti la suti, anabishana na Gladness kama flojistoni inaweza kuwa na uzito pungufu ya sifuri, na shule mbili za Ukonga zilimsubiri siku hiyo mpaka zikachoka. Mara hii uzito ulipanda. Gladness alilia kidogo, na mkaguzi akampa leso yake.

Ripoti ilipokuja ilikuwa na sentensi moja kuhusu kemia: mwalimu huyu aachwe.

Kikao cha walimu kimeamua kwa kauli moja kwamba Wiki ya Flojistoni itaendelea, na kwamba nitaifundisha mimi, Jonas wa fizikia. Nimeanza mazoezi ya uso mkavu mbele ya kioo. Mke wangu ana wasiwasi. Wazazi wenye watoto Kidato cha Kwanza na cha Pili, tafadhali programu hii msiiache mezani.

Katika kipindi chake cha mwisho, Mwalimu Koku aliwaambia wanafunzi kwamba kati ya yote aliyowafundisha kwa moyo mmoja, lazima kuna jambo ambalo si kweli, na yeye mwenyewe hajui ni lipi. Mwalimu wetu, ahsante sana, na tutakukumbuka mno. Tunakuombea afya njema, ndizi za Muleba zisikauke jikoni kwako, na umri mrefu wa kutosha mmoja wa watoto hawa aje abishe hodi, akuamkie, akae, akuonyeshe ulipokosea.