Chumba cha Nyuma Kina Mwenyewe

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mkae karibu, maana sauti niliyobaki nayo si ya kushindana na mtu. Nimechoka. Si maradhi peke yake, nimechoshwa pia na huu mji wetu unaochambua watu wake kama mchele, huyu weka, huyu tupa. Pale njia panda wamemsimamishia mwimbaji wetu kibao kikubwa, na wageni wanakuja kupiga picha. Refa aliyekataa lile goli la wazi kwenye fainali hana kibao, ingawa mtoto yeyote atakuonyesha nyumba aliyohama amejifunika shuka la mkewe. Na aliyechoma soko hata jina halitajwi. Watu husema “yule”, na kila mtu anaelewa.

Nyumba hii nawaachia nyote watatu. Kifungua mimba wangu, chumba cha mbele alichopanga mwimbaji kabla hajajulikana ni chako. Waingize wageni wako, ila punguza chumvi, baba. Kitanda unachowaonyesha ulikinunua juzijuzi kwa seremala, na kijana yule alikuwa akilala kwenye godoro chini. Nilimpenda. Akiimba bafuni, wapangaji wenzake waliokuwa wakisubiri zamu walisahau hata kugonga mlango. Lakini tangu aondoke hajauliza hali yangu, na siku aliyoutaja mji wetu redioni alikosea mtaa. Simlaumu, watu huondoka.

Binti yangu, vyumba vya kati ni vyako, na mpangaji mwenye watoto usimharakishe. Kitinda mimba, upande wa uani ni wako, isipokuwa chumba cha nyuma. Kile kina mwenyewe, naye ni mama yake “yule”, na atakaa humo bila kodi mpaka Mungu amchukue. Usinikunjie uso. Nimewasikia mkinong'ona hapo barazani kwamba nikishazikwa tu atafute pa kwenda, kwamba ni aibu kula sahani moja na mama wa mtu aliyemuua baba yenu. Semeni kwa sauti, mimi bado nasikia.

Sikilizeni basi. Mwanawe alikuwa mlinzi wa soko, wakamfukuza kazi, akaona dawa ya hasira yake ni kiberiti. Baba yenu alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kufuata cherehani yake, na hakutoka tena. Kijana nimeshindwa kumsamehe, siwadanganyi, na hukohuko jela aliko na abaki. Mama yake alimficha chini ya kitanda mpaka askari walipokuja kumvuta miguu. Hilo ndilo linalowauma zaidi, najua, maana hata mimi liliniuma. Ila nimelifikiria miaka yote hii, na kila nikilifikiria naona ni wewe, mwanangu, uko chini ya kitanda changu, unanuka moshi, unatetemeka, na mimi nashusha shuka lifike sakafuni.

Baada ya mazishi watu walimvunjia mama huyo madirisha. Akafunga mizigo yake, akaja kuniaga, akakuta nimelala na uso ukutani, nyumba haijafagiwa, na wewe, kitinda mimba, unalia kwa njaa hata sauti imekukauka. Hakusema pole, angeanzia wapi? Alitua mzigo, akakubeba mgongoni, akaenda kuwasha jiko. Mgongo huo umeulalia mpaka umejua kutembea. Sikumwambia abaki, na wala msinipake rangi ya wema, nilikuwa sina nguvu ya kumfukuza. Siku zikapita, nguvu zikarudi, nikajikuta sitaki aende.

Hatujawahi kuuzungumzia ule moto. Tunazungumza maji yamekatika, tunazungumza magoti. Huyo ndiye mtu niliyezeeka naye, wanangu, na mji mzima hauna habari naye.

Nipeni maji... Basi, yametosha.

Nizikeni mapema, msingoje watu wakubwa. Hotuba sitaki. Yeye akae mbele, pamoja nanyi, na atakayemnyanyua pale, amejinyanyua mwenyewe kwenye radhi zangu. Mungu awape kauli njema ninyi kwa ninyi. Awape watoto watakaowatazama usoni. Awaepushe na hasira, hasira ndiyo... nimesahau nilichotaka kusema.

Kitinda mimba, inuka ukafungue mlango. Mnadhani sijui kwamba mmemfungia nje tangu asubuhi? Nasikia anavyokohoa. Fungua, mwanangu. Msimamie vizuri hapo kizingitini, miguu yake mibovu. Haya... karibu, mwenzangu.

Mpisheni akae.