Bangili ya Dada Yangu

Mwangaluka, wazee wangu, akina mama na vijana wenzangu! Nilipoombwa nisimame niseme neno, nilitaka kukimbilia nyuma ya spika. Lakini nimesimama, basi nivumilieni.

Wengi mnanijua kama yule kijana wa Nkololo anayeokota simu mbovu. Ni kweli. Kila Jumamosi napanda baiskeli hadi karakana ya jamii hapa Bariadi, tunapotengeneza vifaa vya umeme vya kuvaa. Hanilipi mtu, napenda tu.

Dada yangu hasikii tangu homa ya utotoni. Alipojifungua, akawa hafanyi kazi bila kumchungulia mtoto kila dakika. Ugali unaungua, yeye yuko chumbani. Nikasema, mjomba mtu nipo! Nikamtengenezea bangili: mtoto akilia, kisanduku kilicho kando yake kinapeleka habari, na bangili inatetemeka mkononi mwa mama.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Mama mmoja, fundi cherehani pale karakana, alinionya: "Hiyo betri ya simu imevimba. Usiitumie."

Nikamjibu, "Mama, wewe shona. Umeme niachie mimi."

Mnacheka? Siku ya pili tu, dada akiwa uani anapepeta mtama, bangili ikashika moto. Yowe lake bado nalisikia. Iliacha kidonda kibaya mkononi.

Mayu, mama yetu, hakunigombeza. Alimfunga dada kidonda, kisha akanipakulia chakula kama kawaida, na hilo liliniuma zaidi. Nikatia vifaa vyangu kwenye mfuko wa saruji, nikavitupa stoo. Miezi mitatu nikawa nashinda na ng'ombe, nikimkwepa hata dada. Majirani wengine wakasema pale pana mkono wa mtu. Hapana, wapendwa. Palikuwa na kiburi changu.

Asubuhi moja dada akanifuata zizini, mtoto mgongoni, ule mfuko mkononi. Akauweka miguuni pangu. Akanionyesha kovu, kisha akanyoosha mkono wa pili, ulio mzima, akaugonga kwa kidole: weka huku. Nikatikisa kichwa kukataa. Akanivuta sikio! Nililia mbele ya ng'ombe, wala sioni aibu kuwaambia.

Tulikwenda karakana pamoja. Nikamwomba radhi yule mama. Akasogeza kiti: "Kaa. Leo utajifunza kushona."

Tukaweka betri mpya kwenye mkanda wa kitambaa kizito, mbali na ngozi. Dada alichagua kila kitu, hata rangi. Kabla hajaivaa yeye, niliivaa mimi wiki nzima.

Leo inafanya kazi. Kasoro ni moja: mbuzi akilia, nayo inatetemeka! Dada anakimbia chumbani, anamkuta mtoto kalala fofofo. Tunairekebisha.

Namshukuru yule mama aliyenipa kiti badala ya kunifukuza. Namshukuru Mayu. Na dada yangu, uliyekaa pale mbele, tazama mikono yangu ikikwambia asante: wabeja sana.

Nanyi niwaachie hili. Ukimuumiza mtu uliyetaka kumsaidia, usijifiche. Rudi, muulize anataka nini, halafu msikilize.