Mamaledi ya Nthenya Iliganda

Wewe uliyeketi pale nyuma ukinong'ona kwamba Nthenya alificha mashine ya kugandishia mamaledi chini ya kitanda, funga mdomo usikilize, maana mimi Waringa, wifi yake, nimekaa jikoni kwake Woodley miaka na miaka na mashine sijaiona, na ukibisha tena nitakutaja jina mbele ya mchungaji.

Marehemu Nthenya Kibe alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mbooni, kwa mzee Musembi, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha mwaka wa 1970 akaja Nairobi kupika katika hosteli moja ya Barabara ya Ngong, ambako alijifunza mamaledi, ile jemu ya machungwa yenye maganda ndani. Agosti 1975 aliolewa na kaka yangu Haron, muuza misumari wa River Road, wakajaliwa Ken na Kui.

Alipostaafu aliwapikia majirani, Woodley hadi Jamhuri, kwa sufuria, kisu na mwiko, basi. Alichukua machungwa ya kwao Ukambani na malimau machache, akayakamua, maganda akayakata membamba kama sukumawiki, mbegu na ile nyama nyeupe akazifunga ndani ya kitambaa safi, vyote vikalala kwenye maji pamoja na juisi, asubuhi akachemsha polepole mpaka maganda yalainike, akakifinya kile kitambaa kitoe ute, maana ute ndio unaogandisha, ndipo akatia sukari na kuongeza moto.

Juni mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, na Kui, ambaye ofisi yake mjini ilikuwa imemwachisha kazi, akaja kushika sufuria, kwa kuwa wateja wa mama ndio tegemeo alilobaki nalo, lakini kila alichopika kilibaki majimaji kama chai ya matanga. Akanunua kipima joto, akaanza kuulizia mashine, na mama yake akawa anasukuma kando hata uji, akisema haendi popote akimwachia mtoto chupa za maji ya machungwa. Mwezi huu wa Mei akaomba aletewe kitambaa akifinye mwenyewe, Kui akauliza, "Kitambaa gani, mama? Mbegu si nilitupa, ni uchafu," Nthenya akacheka mpaka akakohoa, "Kui wewe! Unamwaga mamaledi unabakisha sukari!" Na nani alaumiwe, wakati mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfukuza jikoni akasome?

Jumanne tarehe 20 Kui alipika tena, safari hii na kitambaa cha mbegu, akadondosha kidogo kwenye kisahani baridi, akakipeleka kitandani, Nthenya akasukuma kwa kidole, ikajikunja kama utando wa maziwa, kumbe imeganda, akalamba, akasema, "Haya, sasa nimepumua," akala uji wote, akalala, na Jumatano alfajiri hakuamka. Kwa hivyo msilie kama watu walioibiwa, huyu ameondoka mwepesi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Woodley, akina mama wa kanisa, na wenzake wa hosteli waliobaki. Lala salama, wifi yangu, umemaliza.

Mimi natoka, nakwenda kulala usingizi ambao sijaupata tangu wewe wifi uanze kuugua, na mlango wa chumba changu naufunga mwenyewe.